Nina mimba, natumia unga, na wifi yangu ni muuguzi

Shikamoo Shangazi,

Naomba jina langu lisitoke. Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa miaka mitano, naishi Dar es Salaam, nina saluni ndogo ya kusuka na kuosha nywele. Mume wangu ni dereva wa malori, safari zake ni za Tunduma mpaka Lubumbashi, akiondoka anaweza kukaa wiki tatu hajarudi. Nyumbani tunaishi na mama mkwe na wifi yangu, na wifi huyo ni muuguzi katika hospitali kubwa iliyo karibu nasi.

Shangazi, natumia unga, yaani heroini. Sijidungi, navuta tu kwenye sigara iliyochanganywa na bangi. Alinionjesha rafiki yangu wa saluni kipindi nimefiwa na baba, usiku silali, nalia mpaka kunakucha. Akaniambia vuta hii utapata usingizi, na kweli nikalala. Sasa imeshapita miaka miwili. Ukiniona barabarani huwezi kunidhania. Naoga, nafua, nafungua kazi, naswali. Lakini asubuhi kabla sijapata kete yangu mikono inatetemeka hata chanuo sishiki, napiga miayo, kamasi zinatoka, mifupa inauma kama nimepigwa. Wateja nawaambia nina malaria. Fedha za kikoba nilizoaminiwa na wenzangu nimezigusa, nazibaziba kila wiki kwa mapato ya saluni, na najua siku itafika nitashindwa kuziba.

Kilichonifanya niandike ni kwamba nina mimba ya miezi minne. Mume amefurahi mno, mama mkwe ameshaanza kununua kanga. Mimi silali kwa mawazo.

Kuna dada wa asasi moja huwa anapita maskani ninakonunua, anaongea na watu kuhusu methadone, dawa ya kutibu uraibu wa unga. Nilimvizia pembeni nikamuuliza. Akaniambia nikiwa tayari atanipeleka kliniki niandikishwe, nitakuwa nakwenda kunywa dawa kila siku. Nilipomuuliza hospitali gani, akaitaja ile ile anayofanya kazi wifi. Nikanyamaza nikaondoka.

Naogopa mambo mengi, Shangazi. Nikishaandikishwa, jina langu si litakwenda polisi? Wifi si atafungua faili langu, au ataambiwa na wenzake chumba cha chai? Mtaani kwetu kuna binti alikwenda kupima kwenye zahanati moja, hata nyumbani hajafika majibu yake yameshatangulia. Na kadi ya kliniki ya mama na mtoto je? Mama mkwe ndiye huitunza kabatini, na anajua kusoma. Wataandika mle kwamba mimi ni teja? Nimefikiria nitoe jina la uongo. Tena nasikia wanataka uje na ndugu. Ndugu gani nimpeleke, wakati mume wangu mwenyewe hajui?

Kwa hiyo nimeamua hivi: nimwambie mume naenda Morogoro kwa mama kupumzika, nikifika nijifungie chumbani mpaka arosto, yale mateso ya kukosa unga, iishe, nirudi nikiwa mtu mpya bila mtu yeyote kujua. Niliwahi kujaribu hapa nyumbani nikashindwa siku ya pili, lakini kule sitajua pa kununua. Unaonaje? Na nikifanya hivyo, mtoto atakuwa salama?

Ni mimi binti yako mwenye hofu,
Dar es Salaam

* * *

Marahaba, mwanangu. Pole sana. Nimebadilisha mambo kadhaa katika barua yako ili hata jirani wa saluni akiisoma asikutambue, na nitakujibu nikianzia mwisho, kwa sababu huko ndiko kwenye hatari.

Usiende Morogoro kujifungia. Nakuomba sana. Mtu asiye na mimba akiacha unga ghafla anateseka kwa kuhara, kutapika, jasho baridi na kukosa usingizi, lakini mara nyingi mwili wake hupita humo akabaki hai. Wewe si mmoja sasa. Arosto kali inaweza kukaza mji wa mimba na kumtikisa mtoto tumboni, na mimba ikatoka au uchungu ukaja kabla ya wakati. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2014 kuhusu wajawazito wanaotumia vilevi na dawa za kulevya, linashauri mjamzito mwenye uraibu wa heroini awekwe kwenye dawa ya kudumu kama methadone, asiachishwe kwa ghafla. Kuna na la pili. Mtu aliyejifungia siku kadhaa mwili wake husahau kile kiwango alichozoea. Siku akishindwa na kuvuta kama zamani, pumzi inaweza kukata. Mama yako atakukuta umelala.

Kwa hiyo, mpaka siku utakayopokelewa kliniki, usijiachishe mwenyewe kwa nguvu. Najua ni ajabu kulisikia neno hili kutoka kwa mtu wa makamo yangu, lakini ndivyo ilivyo. Unachotakiwa kuharakisha ni safari ya kliniki, na iwe wiki hii hii.

Sasa niseme kidogo kuhusu methadone, maana maskani watu huitia chumvi. Ni dawa ya maji, unainywa mbele ya mfamasia, kikombe kidogo, mara moja kwa siku. Inakaa mwilini zaidi ya siku nzima, hivyo arosto haipandi asubuhi, na ikishafikia kiwango chako haikupi stimu. Unafanya kazi, unasuka, unalea. Dozi ya kwanza huwa ndogo kwa makusudi na hupandishwa polepole, kwa hiyo siku za mwanzo unaweza kuhisi haikutoshi. Hapo ndipo wengi huongezea kete juu yake, au pombe, au vidonge vya Valium, na hapo ndipo wengine hufa. Ukiona haitoshi, rudi ukamwambie daktari. Hapa kwetu huduma hii ilianza Muhimbili, Februari 2011, ikafuata Mwananyamala, kisha Temeke, na leo ipo pia Zanzibar, Mbeya, Mwanza, Dodoma, Tanga na kwingineko. Ni ya serikali na ni bure, hivyo hata kadi ya bima ya mume hutaulizwa uitoe.

Utakutana na watu watakaokwambia umeacha unga huu ukachukua unga mwingine. Waache. Anayekunywa dawa yake saa moja asubuhi na saa mbili yuko kazini, fedha ya kikoba iko salama na mtoto tumboni anakua, huyo yuko kwenye tiba.

Haya, siri sasa. Nitakuambia ukweli wote, na upande usioufurahia pia.

Polisi. Ni kweli kwamba kutumia na kukutwa na dawa za kulevya ni kosa chini ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015. Lakini kliniki haikuandikishi ili ukamatwe. Mamlaka ile ile inayowafuata wauzaji ndiyo inayoshirikiana na Wizara ya Afya kueneza tiba hii nchini, na maelfu ya watu wamepita kwenye madirisha hayo. Utakapopimwa mkojo wakaona una heroini, hayo ni majibu ya hospitali ya kuthibitisha kwamba tiba inakufaa. Kinachoweza kukuletea polisi ni kete iliyo kwenye pochi yako. Usiende nayo kliniki, usiende nayo popote.

Sheria inayokulinda ipo, na ningependa uijue kwa jina ili siku ukiitaja mtu ashtuke. Katiba yetu, Ibara ya 16, inakupa haki ya faragha. Juu ya hiyo kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti zinazotaka ulinzi wa juu zaidi. Kliniki itakupima pia VVU, homa ya ini na kifua kikuu. Kwa upande wa VVU kuna Sheria ya mwaka 2008, inayomtia hatiani mtumishi wa afya anayetoa majibu ya mtu nje. Yule binti wa mtaani kwenu aliyetanguliwa na majibu yake alitendewa kosa, na inaniuma kwamba huenda hakuna aliyemwambia kwamba angeweza kulalamika.

Lakini siri ya hospitali ina mipaka yake. Daktari, mfamasia, muuguzi wa kliniki na afisa ustawi wa jamii watajua, kwa sababu wote wanakutibu. Mahakama inaweza kuamuru faili litolewe. Na hakuna sheria inayoweza kumzuia jirani kukuona umesimama kwenye foleni ya dirisha la methadone. Siri ambayo hospitali inadaiwa ni ya kinywa chake na karatasi zake. Macho ya watu barabarani utayapangia wewe mwenyewe.

Hilo linanileta kwa wifi yako. Kuwa muuguzi hospitali fulani hakumpi mtu ruhusa ya kufungua faili la kila anayetibiwa pale. Anaruhusiwa kuona la mgonjwa anayemhudumia, basi. Hata akilisikia kwa bahati mbaya, kiapo chake cha kazi kinamfunga, na Baraza la Uuguzi na Ukunga lipo kwa ajili ya wanaokivunja. Nimefanya kazi wodini miaka mingi, na nakuhakikishia wapo wauguzi waliokufa na siri za majirani zao. Wapo na wengine pia, na chumba cha chai nakijua. Ndiyo maana sikushauri ukatafute haki pale ambapo unaweza kuepuka vita. Dar es Salaam ina kliniki zaidi ya moja. Mwambie yule dada wa asasi waziwazi: nina ndugu anafanya kazi hospitali hiyo, nipeleke nyingine. Hilo si ombi la ajabu kwake, amelisikia mara nyingi. Nauli itakuwa kubwa kidogo na utaamka mapema zaidi, lakini saluni ni yako, unaweza kufungua saa tatu. Kwa mama mkwe una maelezo ambayo si uongo: daktari ametaka nifike hospitali kwa ajili ya mimba hii, kuna dawa natakiwa kunywa. Mjamzito kwenda hospitali hakumshangazi mtu.

Kama itashindikana kabisa na ikabidi iwe ile ya karibu, siku ya kwanza kabla hujasaini chochote, mwambie daktari au afisa ustawi wa jamii jina la wifi yako na idara yake. Waulize nani ana ruhusa ya kushika faili lako, linakaa wapi, na kama mnaitana kwa jina au kwa namba dirishani. Waambie pia wakupigie namba gani, na kama hukufika dozi wasimpigie mtu wa nyumbani kabla ya kukutafuta wewe. Simu yako ndiyo mlango ulio wazi kuliko faili, mwanangu. Ujumbe mmoja wa kliniki ukiingia wakati mtoto anacheza gemu pembeni ya bibi yake, siri imeisha. Weka namba ya siri, na kwenye majina usiwaandike kwa jina la kliniki.

Jina la uongo, hapana. Naelewa kwa nini umelifikiria, na hapa ndipo nataka unisikilize kuliko pote. Wakati wa kuandikishwa toa jina lako na useme kila kitu kuhusu mwili wako: unavuta kiasi gani, mara ngapi kwa siku, vidonge gani vingine unatumia, pombe, magonjwa, mimba ya miezi mingapi. Anza na mimba, maana mjamzito hapaswi kusubirishwa kwenye orodha. Dozi yako inapimwa kwa maneno yako. Ukipunguza kwa aibu, utapewa ndogo na utarudi maskani. Ukiongeza kwa woga wa arosto, unaweza kupewa kubwa kuliko mwili wako unavyobeba. Ukiwa na kifua kikuu na ukapewa rifampisini mahali pengine kwa jina jingine, dawa hiyo inaishusha methadone mwilini mpaka arosto inarudi, na baadhi ya dawa za zamani za VVU hufanya hivyo hivyo. Nani atayaunganisha hayo ikiwa una majina mawili katika mafaili mawili? Na siku utakayosafiri ukahitaji kunywea dozi kwenye kliniki ya mkoa mwingine, barua ya kukutambulisha itabeba jina gani?

Kwa anayekutibu, usifiche kitu. Kwa mwingine yeyote, mpe kile tu anachohitaji ili akusaidie.

Kadi ya kliniki ya mama na mtoto inataka akili, kwa sababu ni yako lakini inapita mikono mingi. Usiiache ijiandike. Ukienda mahudhurio yako, ingia kwa muuguzi peke yako, mwambie kwamba uko kwenye methadone na kwamba kadi inasomwa nyumbani. Mwombe maelezo hayo yakae kwenye faili la hospitali, na upewe barua iliyofungwa kwa ajili ya wodi ya wazazi, ambayo utaihifadhi mwenyewe saluni au kwa mtu unayemwamini. Anaweza kukuambia utaratibu wao ni kuandika dawa zote kwenye kadi. Hapo mwombe afisa ustawi wa jamii wa kliniki yako azungumze naye, mtumishi kwa mtumishi. Tena hakuna kinachokulazimisha kadi ikae kabati la mama mkwe. Anza kuibeba kwenye mkoba leo, useme kliniki wamesisitiza mjamzito atembee nayo. Ni kweli, wanasisitiza.

Kwa nini nakusumbua na habari ya wodi ya wazazi mapema hivi? Kwa sababu mkunga asipojua, siri hiyo itakudhuru wewe. Zipo sindano za maumivu, pentazosini ni mojawapo, ambazo mtu aliye kwenye methadone akichomwa anaweza kuangukia arosto kali pale pale kitandani, katikati ya uchungu. Mtoto naye, kwa kuwa ameishi na dawa hiyo tumboni, anaweza siku za mwanzo kulia kwa sauti ya juu, kutetemeka, kunyonya kwa shida, kuhara. Hali hiyo inatibika na inapita, lakini inataka watu wanaoijua na wasiomruhusu kurudi nyumbani haraka. Jifungulie hospitali yenye wodi ya watoto wachanga, si zahanati. Ukifika na uchungu, na mama mkwe kashika begi la nguo, mwambie mkunga wakati anakupima: barua yangu hii, na mbele ya ndugu zangu msiizungumze. Wakunga wanajua kumtoa bibi nje bila kumuudhi. Kunyonyesha, kama umetulia kwenye tiba, hutumii unga na daktari hajaona kizuizi kingine, kwa kawaida kunahimizwa, na husaidia kumtuliza mtoto huyo.

Mimba ikikua unaweza kuona dozi iliyokuwa inatosha haitoshi tena, hasa miezi mitatu ya mwisho. Usijilaumu kwamba unarudi nyuma. Mwili umebadilika. Waambie wakupime upya.

Kuna jambo moja linalonitisha kuhusu siri ndani ya nyumba. Baadhi ya kliniki humpa mgonjwa aliyetulia dozi za kwenda nazo nyumbani, na siku moja huenda ukafikia hatua hiyo. Una mtoto wa miaka mitano. Dozi yako moja inaweza kumuua. Mtu anayeficha dawa ndiye huiweka kwenye chupa ya soda, nyuma ya ndoo, juu ya friji. Kama huna kabati lenye kufuli ambalo ufunguo unao wewe tu, kataa dozi za nyumbani na uendelee kwenda dirishani kila siku. Na ukikosa dozi siku tatu au zaidi, usidai unywe kiwango kile kile. Watakuanzia chini, na wako sahihi.

Huyo dada wa asasi, jinsi ulivyonieleza alivyosogea pembeni kukusikiliza, naona anajua kazi yake. Bado muulize anaandika nini kwenye daftari lake. Na hili nawaambia wote wanaosoma hapa, hasa mnaofikiria nyumba za upataji nafuu: picha ya kukutambua kwenye faili la tiba ni kitu kimoja, picha ya kutangazia mafanikio ya kituo mtandaoni ni kitu kingine kabisa. Mnasainishwa karatasi siku ya kwanza, mtu ana arosto, hata herufi hazioni, kumbe humo mna kipengele cha kupigwa video ukitoa ushuhuda. Soma, au mwombe uliyekuja naye asome. Unaweza kukubali tiba ukakataa kamera, na kituo kinachokataa kukutibu kwa sababu hiyo kimekuonyesha kilivyo. Kwako wewe binti yangu, nyumba hizo zinazoachisha bila dawa hazikufai katika hali hii. Ukija kuzihitaji, iwe baada ya kujifungua na kwa ushauri wa daktari wako.

Ikitokea siri yako imevuja kutoka hospitali, usinyamaze kama binti yule. Andika tarehe, nani alisema nini, uliyasikia kwa nani. Anza kwa mganga mfawidhi, ana wajibu wa kukusikiliza. Usiporidhika, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inapokea malalamiko, na mabaraza ya taaluma nayo yapo: Baraza la Madaktari kwa daktari, Baraza la Uuguzi na Ukunga kwa muuguzi au mkunga. Huhitaji wakili kuandika barua ya malalamiko. Afisa ustawi wa jamii atakusaidia kuipanga.

Sasa habari ya ndugu wa kwenda naye. Kliniki zinapoomba mtu wa karibu, zinataka mtu wa kukushika mkono siku ngumu na wa kumpigia ukipotea. Kwenda naye hakumaanishi kwamba lazima awe mume. Kuna mtu mmoja umemtaja bila kumfikiria kwa kazi hiyo, naye ni mama yako. Ulikuwa tayari kumpelekea arosto chumbani kwake bila kumwambia ni nini. Kwa nini usimpelekee ukweli? Mpigie aje Dar kukutazama, mama kumjia bintiye mwenye mimba ni jambo la kawaida kabisa. Mwambie mkiwa wawili saluni mmefunga mlango. Atalia. Mwache alie, halafu mwende naye. Kama kwa sababu unazozijua mama hafai, uliza kama yule dada wa asasi anaweza kusimama kwa muda.

Zile fedha za kikoba, ukishatulia wiki chache, nenda kwa mweka hazina kabla siku ya mgao haijafika. Mwambie umezitumia na utazilipa kwa awamu, taja kiasi. Hudaiwi kumweleza umezitumia kwa nini.

Na mume wako. Hakuna sheria inayokulazimisha umwambie ili utibiwe, wala kliniki haina ruhusa ya kumwambia bila ridhaa yako. Anza tiba bila yeye kujua, nakubali, maana ukisubiri ujasiri wa kumwambia kwanza utafika miezi minane. Lakini sioni ukijifungua bila yeye kujua. Mtoto akitetemeka na kuzuiliwa wodini siku kadhaa, baba atauliza, na jibu atalipata kwa mtu mwingine, pengine kwa dada yake. Una miezi mitano. Tumia mitatu ya kwanza kutulia. Kisha mwombe afisa ustawi wa jamii akupangie siku mume akiwa hayuko safarini, mwingie wote watatu, na umwambie ukiwa na kadi yako ya mahudhurio mkononi, ili maneno 'nilikuwa navuta' na 'nimeshaanza kutibiwa' ayasikie kwa pamoja. Ukiona dalili kwamba anaweza kukupiga au kukufukuza, liseme hilo kliniki mapema, na mama yako awe bado yuko Dar siku hiyo.